Je, Ni Kosa Kushindwa kwa Makusudi?



Kila mmoja wetu amekwisha kushindwa katika jambo fulani. Tumeshindwa mitihani, tumeshindwa kesi, tumeshindwa mbio za shule, na timu tunazozipenda zimeshindwa mbele ya macho yetu katika uwanja wa Kaitaba. Hakuna mtu mwenye akili timamu anayesema kwamba kushindwa ni dhambi. Anayeshindwa huonewa huruma, hutiwa moyo, na kesho hujaribu tena. Lakini liko swali lingine ambalo hatujiulizi mara nyingi, nalo ndilo tunalotaka kulitazama katika kurasa hizi. Je, mtu anayeweza kushinda, akaamua moyoni mwake kushindwa, tena asimwambie mtu yeyote, ametenda kosa? Na kama ni kosa, ni kosa la nani?

Huenda mwingine akasema kwamba swali hili ni la wachezaji tu, halimhusu mkulima wa Muleba wala mfanyabiashara wa Bukoba. Tunamwomba asifunge gazeti upesi. Tutaanza mbali, katika mchezo ambao wengi wetu hatujapata kuucheza, kisha tutarudi nyumbani, maana swali lenyewe limo majumbani mwetu.

Msichana wa Chicago

Mchezo wa tenisi huchezwa na watu wawili waliotenganishwa na wavu, au wanne wakicheza wawili wawili. Kila mchezaji hushika raketi, na kazi yake ni kuupiga mpira mdogo uvuke wavu na kuanguka ndani ya mistari ya upande wa pili, mahali ambapo mwenzake hawezi kuurudisha. Katika mchezo wa mmoja kwa mmoja mchezaji hana msaidizi. Hakuna golikipa wa kulaumiwa, wala hakuna aliyekaa benchi akingojea kuingia mahali pa aliyechoka. Mtu husimama peke yake mbele ya watu wote, na matokeo ni yake peke yake. Mashindano yanayoheshimiwa kuliko yote ni yale ya Wimbledon, mjini London, yaliyoanza mwaka 1877. Wanawake walianza kushindana hapo mwaka 1884.

Andrea Jaeger alizaliwa Chicago, Marekani, tarehe 4 Juni 1965. Aliyemfundisha mchezo huu alikuwa baba yake mzazi, mhamiaji kutoka Ulaya aliyewahi kuwa bondia. Mwaka 1980, akiwa na umri wa miaka 14, msichana huyu aliingia katika tenisi ya kulipwa. Hebu tuufikirie umri huo. Kwetu ni umri wa mtoto aliyemaliza darasa la saba juzi. Watu walimwona uwanjani na nywele zake zilizosukwa mikia miwili, akiwashinda wanawake waliomzidi umri kwa miaka kumi na zaidi. Mwaka ule ule alifika robo fainali ya Wimbledon na nusu fainali ya mashindano makuu ya Marekani. Mwaka 1981, akiwa na miaka 16, alihesabiwa kuwa wa pili kwa ubora katika wanawake wote wa dunia. Katika mashindano ya Ufaransa ya mwaka huo alipata taji la mchezo wa wawili wawili, mwanamume na mwanamke, akicheza pamoja na Jimmy Arias. Mwaka 1982 alifika fainali ya Ufaransa, akashindwa na Martina Navratilova, mwanamke aliyezaliwa Chekoslovakia na kuwa raia wa Marekani.

Mwaka 1983 Jaeger alifika fainali ya Wimbledon. Katika nusu fainali alimshinda Billie Jean King, bingwa mkubwa wa zamani, kwa 6–1 na 6–1. Fainali ilichezwa tarehe 2 Julai, na aliyemkabili alikuwa Navratilova tena. Mchezo haukufikia hata saa moja. Navratilova alishinda kwa 6–0 na 6–3. Walioutazama walisema kwamba binti yule alizidiwa nguvu, wakaenda zao.

Baada ya hapo bega lake liliumia. Akafanyiwa upasuaji mara nyingi, akajaribu kurudi, bega likakataa. Mwaka 1987, akiwa na miaka 22 tu, aliachana kabisa na mashindano. Mwalimu au mganga wetu hustaafu akiwa na miaka 60, yeye alistaafu katika umri ambao vijana wetu wengi hawajapata hata kazi ya kwanza.

Alichokuja kusema

Miaka mingi baadaye, akiwa mtu mzima, Andrea Jaeger alieleza mwenyewe habari za fainali ile. Alisema kwamba usiku wa kuamkia siku ya mchezo aligombana vikali na baba yake. Akatoka nje, akatafuta msaada katika nyumba ya jirani alimofikia Navratilova, yule yule ambaye angepambana naye kesho yake. Alipofikiri kwamba amemvurugia mwenzake usiku wake wa maandalizi, aliona si haki kumshinda. Akaingia uwanjani akiwa amekwisha kuamua kushindwa. Amesema pia kwamba katika miaka yake ya mchezo hakupenda kuiona huzuni ya wale aliowashinda, na kwamba hakuitaka ile nafasi ya kwanza duniani ambayo wengine waliitamani kwa ajili yake.

Huo ndio ushuhuda wake, nasi tunaupokea kama ushuhuda wa mtu juu ya moyo wake mwenyewe. Hatukai hapa kumhukumu, maana alikuwa msichana wa miaka 18. Twautumia kwa sababu unatupa swali letu likiwa wazi kabisa. Hapa hapana rushwa. Hapana mcheza kamari aliyempa bahasha. Hakuna timu iliyouza mechi. Yuko msichana mmoja tu aliyeona huruma, akaamua kushindwa, akanyamaza.

Ni nani aliyedhulumiwa?

Mtu wa kwanza kujibu atasema: hakuna. Mchezo ulikuwa wake, na ushindi aliouacha ulikuwa wake. Mtu akiamua kumpa jirani mkungu wake wa ndizi, nani atamshitaki? Isitoshe, alifanya hivyo kwa wema.

Jawabu hili lina uzuri wake, lakini tukilipima kwa makini tunaliona limepungua. Ndizi nikimpa jirani, jirani anajua kwamba amepewa. Atashukuru, au atakataa. Lakini Navratilova hakuambiwa kwamba amepewa. Alidhani ameshinda. Mwaka ule wa 1983 alishindwa mechi moja tu kwa mwaka mzima, kwa hiyo huenda angeshinda hata kama Jaeger angecheza kwa nguvu zake zote. Lakini sasa nani anaweza kujua? Hapo ndipo hasara ilipo. Mtu aliyefanya kazi kwa jasho lake alistahili kupata jibu la kweli kuhusu nguvu zake siku ile, akapewa jibu lisilo la kweli. Wema usioulizwa ukamwondolea kitu ambacho hakuna awezaye kumrudishia.

Tufikirie mizani ya kahawa. Mkulima anapeleka magunia yake ya kahawa ya maganda kwenye chama cha msingi. Sote tunajua uchungu wa mizani iliyochezewa ili kumpunja mkulima. Lakini tuseme karani wa mizani, kwa huruma, anaongeza kilo za uongo upande wa mkulima mmoja mjane. Moyo wake ni mwema, na mjane anafurahi. Hata hivyo mizani imeacha kuwa mizani. Kesho mkulima mwingine akivuna vizuri kuliko wote, hakuna atakayeamini uzito wake. Mashindano nayo ni mizani ya namna hiyo. Kila anayeingia uwanjani anamwahidi mwenzake kitu kimoja, hata kama hakisemi kwa mdomo: nitakupa nguvu zangu za kweli, nawe nipe zako. Anayezizuia kwa siri amevunja ahadi hiyo.

Mashirika ya michezo nayo yanaliona hivyo. Katika Olimpiki ya London mwaka 2012, jozi nne za wanawake katika mchezo wa vinyoya, watu wanane kwa jumla, ziliondolewa mashindanoni kwa sababu hazikujitahidi kushinda. Zilikuwa zimepiga hesabu kwamba kushindwa mechi ile kungewapatia wapinzani wepesi baadaye. Hawakuvunja hesabu ya mabao wala hawakupiga mtu. Walipiga kinyoya nje makusudi, watu uwanjani wakazomea, nao wakarudishwa nyumbani.

Mtu atauliza: je, babu anayecheza bao na mjukuu wake akamwachia ashinde, naye ni mkosaji? Hapana. Babu anamfundisha mtoto, hashindani naye. Mjukuu akikua watacheka pamoja juu ya siku zile. Mambo hubadilika pale wawili wanapokaa kama washindani, na watu wengine wamekuja kutazama wakiamini kwamba ni kweli.

Kushindwa kwa namna nyingine mbili

Ili tuelewe vizuri kosa hili liko wapi, tuweke kando yake mambo mawili ya kwetu, ya Tanzania.

La kwanza ni la John Stephen Akhwari. Katika mbio ndefu za marathoni za Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, Akhwari alianguka njiani na goti lake likaumia vibaya. Walioanza mbio zile walikuwa 75, waliomaliza walikuwa 57, naye alikuwa wa 57. Mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, alikuwa amekwisha kufika zaidi ya saa nzima kabla yake. Giza lilikuwa linaingia, na watu waliobaki uwanjani walikuwa wachache, Akhwari alipoingia akichechemea na bendeji mguuni. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake ilimtuma mbali vile ili amalize, siyo aanze tu. Huyu alishindwa na kila mtu aliyefika kabla yake, na hata hivyo hakumpunja yeyote. Alichokuwa nacho alikitoa chote.

La pili ni la mwaka 1976. Filbert Bayi alikuwa ameweka rekodi ya dunia ya mita 1500 mjini Christchurch mwaka 1974, akikimbia kwa dakika 3 na sekunde 32.2, na nyuma yake akiwa John Walker wa New Zealand. Dunia nzima ilingoja kuwaona wakikutana tena katika Olimpiki ya Montreal. Lakini timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini, nchi ya ubaguzi wa rangi wakati ule, na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ikakataa kuiondoa New Zealand mashindanoni. Zaidi ya nchi 20, nyingi zikiwa za Afrika na Tanzania ikiwa mojawapo, zikagoma kushiriki. Walker akashinda medali ya dhahabu bila Bayi kuwapo.

Hapa nako ushindi uliachwa kwa makusudi. Lakini uliachwa hadharani. Sababu ilitajwa, dunia ikaisikia, na Walker alijua ameshinda mbio zipi na akina nani hawakuwamo. Hakuna aliyedanganywa. Tukubali pia kwamba uamuzi ulikuwa wa taifa na gharama ikawaangukia wanariadha, ambao miaka ya nguvu zao hairudi. Gharama hiyo haikuwa ndogo. Lakini ilikuwa gharama iliyolipwa mchana, mbele ya watu.

Basi tukiyaweka haya matatu pamoja tunaona jambo moja. Kushindwa si kosa, maana Akhwari alishindwa. Kuacha ushindi nako si kosa, maana mwaka 1976 uliachwa kwa heshima. Kosa limo katika kusimama uwanjani ukijifanya unashindana, hali moyo wako umekwisha kutoka. Mtu ana haki ya kusema, “Sichezi.” Hana haki ya kusema, “Nacheza,” asicheze.

Kwa nini hakusema “Sichezi”?

Tungeweza kuishia hapo, tukaridhika kwamba tumepata jibu. Lakini haki haikamiliki mpaka tuulize swali la pili. Kama alikuwa na haki ya kusema hapana, kwa nini msichana yule hakuitumia?

Tuliangalie jambo hili kwa upande wake. Tangu utotoni siku zake zilipangwa kwa ajili ya tenisi. Mwalimu wake alikuwa baba yake, kwa hiyo kumkatalia mwalimu kulikuwa kumkatalia mzazi. Fedha, safari, na matumaini ya jamaa vilikuwa juu ya mkono wake mmoja. Angemwendea nani na kumwambia, “Sitaki kuwa wa kwanza”? Mtoto asiye na mahali pa kusema hapana kwa mdomo, ataisema kwa njia nyingine. Ataisema kwa kuupiga mpira nje ya mstari.

Sasa turudi nyumbani kama tulivyoahidi. Nchini mwetu taarifa zimetolewa mara nyingi, na magazeti na maofisa wa elimu, juu ya wasichana wanaoambiwa na wazazi wao waandike majibu ya uongo katika mtihani wa darasa la saba. Binti anajua jibu, na mkono wake unaandika jibu lingine. Matokeo yakitoka, hayumo katika waliochaguliwa. Huyo ataolewa, au atapelekwa mjini kufanya kazi katika nyumba ya mtu, na wazazi watasema mbele ya watu, “Tungefanyaje? Mtoto hakufaulu.”

Huyu naye ameshindwa kwa makusudi. Naye amedanganya, na mwalimu wake aliyemfundisha miaka saba amepata jibu la uongo kuhusu kazi yake. Lakini nani kati yetu atathubutu kumwita mkosaji? Hatuna budi kusema kwamba kosa limekwenda kukaa kwa mtu mwingine, aliyeketi nyumbani akingoja matokeo ambayo ameyapanga mwenyewe.

Yule wa Chicago aliambiwa lazima ashinde, na huyu wa kwetu anaambiwa lazima ashindwe. Maagizo hayo mawili ni kinyume kabisa, lakini watoto hawa wana jambo moja linalowafananisha: hakuna aliyewauliza. Wote wawili walisimama mahali pa kupimwa wakiwa na moyo ambao haukuruhusiwa kusema.

Tena wako wengine katikati yao, nao ndio wengi katika mitaa yetu ya Bukoba na Muleba. Kuna kijana aliyeambiwa tangu akiwa mdogo kwamba atakuwa daktari, naye kila mwaka anaanguka katika somo la kemia, na hakuna anayejiuliza kama kweli hajui. Kuna binti mwenye sauti nzuri aliyewekwa mbele katika kwaya, naye kila Jumamosi ya mazoezi anaumwa kichwa. Kuna mtoto wa mwisho aliyeachiwa kibanja cha baba yake akitunze, na migomba inazeeka, kahawa inamezwa na majani, na watu wanasema ni mvivu. Huenda ni mvivu kweli. Lakini huenda pia alisema “sitaki” siku nyingi zilizopita, kwa lugha pekee aliyoachiwa.

Talanta ni ya nani?

Katika jambo hili wazazi na walimu wengi huutaja ule mfano wa talanta, na yule mtumwa aliyeifukia yake ardhini. Huwaambia watoto: umepewa kipaji, ukikiacha utaulizwa. Maneno hayo ni kweli, na hatutaki kuyapunguza. Lakini tuusome mfano ule vizuri. Aliyedai hesabu alikuwa bwana mwenye mali. Watumwa wenzake hawakuja kudai hesabu ya talanta ile, wala hawakusimama mlangoni na fimbo. Mzazi anaposema, “Kipaji chako utakitolea hesabu,” amesema vema. Anapoendelea kusema, “Nami ndiye utakayenipa hesabu hiyo,” amekaa katika kiti kisicho chake. Kipaji cha mtoto si mali ya ukoo kama ng'ombe au shamba, ambayo wazee hukaa na kuamua nani atakitumia na kwa faida ya nani.

Hapo tunasikia mzazi akitujibu, na jibu lake lina uzito. Anasema: “Mtoto hajui lililo jema kwake. Ningemsikiliza nilipotaka kumpeleka shule, angebaki kucheza. Leo anasema hataki hesabu, kesho hataki Kiingereza, kesho kutwa hataki kulima. Mkitufundisha kuwauliza watoto kila jambo, hakuna kitakachofanyika.”

Ni kweli kwamba si kila “sitaki” ni sauti ya moyo. Nyingine ni uvivu, nyingine ni woga wa siku moja, nyingine ni hasira iliyotokana na kuchapwa jana. Mtoto anayejifunza jambo gumu atataka kuliacha mara nyingi kabla ya kulipenda, na mzazi mwema humshika mkono avuke hapo. Hatusemi kwamba mtoto aachwe atende apendavyo. Tunasema kwamba awepo mlango wa kutokea, na huo mlango uonekane. Mtu aliye katika chumba chenye mlango huweza kukaa humo kwa hiari na kufanya kazi kwa furaha, na asiye na mlango atatafuta ufa ukutani.

Wenye mchezo wa tenisi wenyewe walikuja kuliona jambo hili, baada ya kuwaona wasichana kadhaa wakichakaa mapema. Tangu mwaka 1995 chama cha wanawake wanaocheza tenisi ya kulipwa kinafuata kanuni ya umri. Msichana ambaye hajatimiza miaka 14 haruhusiwi kuingia mashindano hayo, na kuanzia hapo hadi miaka 18 idadi ya mashindano yake kwa mwaka ina kikomo. Kanuni hiyo haiwezi kumpa mtoto ujasiri wa kumwambia baba yake hapana. Lakini inampunguzia mzigo, na inamwambia mzazi kwamba wako watu wengine wanaotazama.

Nyumbani kwetu hakuna chama cha kutunga kanuni kama hizo, ila sisi wenyewe tunaweza kufanya mambo matatu. La kwanza, tumwulize mtoto mapema, kabla ya siku ya mtihani au ya mashindano, na tumwulize wakati ambapo hakuna hasira. La pili, akitoa jibu tusilolipenda, tusimwadhibu kwa kulitoa. Tunaweza kulikataa, tunaweza kumwambia ajaribu muhula mmoja zaidi kisha tuongee tena, lakini akiadhibiwa kwa kusema kweli mara moja, hatasema kweli mara ya pili. La tatu, awepo mtu mzima mwingine ambaye mtoto anaweza kumwendea: shangazi, mjomba, mwalimu, kasisi, au mama mmoja wa kanisani anayejulikana kwamba anatunza siri. Usiku ule wa kuamkia fainali, Jaeger alikwenda kubisha hodi kwa mpinzani wake. Jirani anayeweza kubishiwa hodi usiku ni msaada mkubwa kwa kijana, na kila mtaa unapaswa kuwa naye.

Yaliyofuata

Msomaji atapenda kujua mwisho wa Jaeger. Alipokuwa angali mchezaji alikuwa akienda kuwatembelea watoto wagonjwa hospitalini, na kumbe huko ndiko moyo wake ulikokuwa. Mwaka 1990 alianzisha huko Aspen, katika jimbo la Colorado, taasisi ya kuwahudumia watoto wenye kansa, akitumia fedha alizozipata kwa mchezo. Watoto hao waliletwa milimani wapumzike, wapande farasi, wacheke, na kwa siku chache wasiwe wagonjwa tu. Mwaka 2006 aliweka nadhiri katika shirika la watawa Wadominiko la Kianglikana, watu wakamwita Sista Andrea.

Tusiharakishe kusema kwamba basi alifanya vema kushindwa pale Wimbledon. Wema wa mwaka 1990 haurudi nyuma kuisahihisha mizani ya mwaka 1983. Navratilova bado alistahili fainali ya kweli. Lakini habari hii inatufundisha kwamba msichana aliyeonekana hana moyo wa kupigana alikuwa na moyo mkubwa, ila ulikuwa umeelekea mahali ambapo hakuna aliyemwuliza kuhusu hapo. Raketi ilikuwa mkononi mwake kwa miaka michache tu. Kazi ya watoto wagonjwa ilimshika miaka mingi zaidi, naye aliichagua mwenyewe.

Basi tukijibu swali letu la kwanza, twasema: ndiyo, kushindwa kwa makusudi na kwa siri ni kosa, kwa kuwa kunamnyima mwenzako ukweli unaomstahili. Vijana wetu wajue hivyo. Anayeingia uwanjani, darasani au kazini atoe nguvu zake za kweli, na asiyetaka aseme hataki, atoke kwa heshima. Lakini kwa swali la pili, kosa ni la nani, hatuwezi kumwangalia kijana peke yake. Mwezi Septemba, watoto wetu wanapoingia kufanya mtihani wa darasa la saba, kila mzazi katika Bukoba na Muleba na ajiulize kabla ya kulala: mtoto huyu akitaka kuniambia hapana, ameachiwa njia gani ya kuisema?